Funga Isiyo na Futari

Taarifa ya kifo cha fundi wetu wa nguo hapa Runzewe ilinifikia Jumanne iliyopita asubuhi, kupitia kundi la mtaa la kwenye simu, na niliipokea kipumbavu. Kulikuwa na maneno ya kumrejea Mwenyezi Mungu, saa ya mazishi, na chini yake picha ya mwanamke mweupe, kidevu kimechongoka, shingo ndefu, ngozi laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaitazama, nikasema moyoni maskini dada wa watu, bado kijana. Nikaandika "Poleni sana wafiwa", nikaweka na vile viganja viwili vya kuomba, nikaendelea na chai yangu. Nilikuwa kwenye andazi la pili mke wangu alipoingia kutoka uani, analia. "Baba, umeona nani katutoka?" Nikamwambia nimeona, ni dada mmoja simfahamu. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba ameolewa na gogo. "Humfahamu? Hiyo suruali uliyovaa kaishona nani?"

Nikaichukua simu upya, nikaisogeza karibu, nikaiweka mbali, mpaka nikamwona. Macho yalikuwa yake. Vingine vyote vilikuwa vya mtu mwingine. Mpwa wake, dada mwenye steshenari karibu na stendi, alikuwa ameipitisha picha ya shangazi yake kwenye ile programu ya simu inayopendezesha watu, na programu, isiyojua msiba wala harusi, ikafanya kazi yake. Ilimwondolea mashavu. Ilimwondolea weusi aliozaliwa nao. Ilimwondolea kidevu cha pili na cha tatu, mali alizokaa nazo kwa raha mustarehe miaka yote niliyomfahamu, ikamwachia macho na ushungi tu. Marehemu alikuwa mwanamke mnene, tena mnene asiyeomba radhi. Akiketi kwenye kigoda chake, kigoda kilikuwa hakionekani. Wazee wawili wa mtaa wa pili walikosa mazishi kwa sababu ya picha ile, kwa kuwa walidhani amekufa mgeni. Mpwa mwenyewe nilipompa pole alilia, akaniambia, "Nilitaka aende akiwa mzuri, baba." Nilikasirika, kisha nikamhurumia. Alifanya kwa mapenzi, na siku hizi mapenzi yanaanza kwa kumpunguza mtu. Nikamshika mkono tu.

Kwa wasiomjua nieleze kidogo. Baba yake alikuwa mtu wa Tabora aliyekuja huku zamani na marobota ya vitambaa, kabla barabara haijawekwa lami, akaoa Msumbwa, akabaki. Binti alirithi duka, duka likafa, na vitambaa vilivyobaki akaanza kuvishona mwenyewe barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Alishona sare za shule, kanzu, magauni ya kipaimara, mavazi ya kwaya ya parokia, na suruali za wanaume wa aina yangu ambao kiuno chao hakijulikani kinaanzia wapi. Mifano ya kukatia nguo aliichora kwenye magazeti ya zamani, likiwemo gazeti lenye safu hii. Siku moja nilimkuta ameipasua picha yangu katikati ya pua ili apate kola. Nikajifanya nimeudhika. "Nimeyasoma kwanza, baba," akasema bila kuinua kichwa, "ndiyo maana nikakata."

Kilichomtofautisha na mafundi wengine wote wa mjini ni kwamba hakusoma namba kwa sauti. Mnajua mambo ya mafundi wetu. Anakuzungushia futi, kisha anamtangazia kiuno chako mwenzake aliyekaa ng'ambo ya barabara, na mwendesha bodaboda anayepita anageuka kuthibitisha. Marehemu alizungusha futi, akaitazama, akasema "haya", akaandika kwenye daftari lake. Wala hakuandika jina. Alibana kwa pini kipande cha kitambaa chako pembeni mwa ukurasa, na ukurasa ukawa wako. Mwizi wa daftari lile asingejua nani ni nani. Na ndani ya kila mshono aliacha vidole vitatu vya kitambaa kwa ajili ya kupanulia. Wasichana walimsihi avikate ili nguo ibane. Aliwauliza Mungu akiwapa riziki wataiweka wapi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Sasa msichana wa leo anafika kwa fundi wa namna hiyo akitokea wapi? Anatokea kwenye redio. Ipo sauti moja nzito ya kiume ambayo kila asubuhi hututangazia chai ya kuyeyusha tumbo, na kabla ya taarifa ya habari sauti hiyohiyo, bila hata kukohoa, hututangazia mafuta ya kukuza makalio. Nimejaribu kwa muda mrefu kuelewa mwili unaotakiwa ni upi. Inaonekana unatakiwa upungue kutoka kitovuni kwenda juu, uongezeke kutoka nyonga kwenda chini, na katikati pasiwe na kitu kabisa, msichana aunganishwe kwa uzi. Akitoka kwenye redio anaingia kwenye simu, na humo anakutana na wanawake ambao hawajawahi kubeba ndoo ya maji, wakimfundisha kwamba njaa ni nidhamu. Akizima simu anamkuta mama yake mdogo, anamwambia abadilishe gauni, hilo linamchora. Mambo yakiharibika sisi wakubwa tunakaa kikao tunailaumu simu, kwa sababu simu haiwezi kujitetea.

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Kwaresma, mwenye duara mmoja wa hapa, ambaye shimo lake lilikuwa limetema dhahabu ya kumtosha yeye na kelele zake, alitangaza kumwoza binti yake baada ya Pasaka. Wasindikizaji wa bibi harusi walikuwa wasichana wanane. Mmoja wao ni binti yangu wa mwisho, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne akisubiri kupangiwa shule, yaani alikuwa anakaa nyumbani na simu. Mama wa bibi harusi aliwakusanya wote barazani kwa fundi, akatoa simu kwenye mkoba, akaonyesha picha ya wasichana wanane wa nchi nyingine, wamesimama kando ya bwawa la kuogelea, wote wana kiuno kimoja. "Fundi, nataka hivi. Wote saizi moja, wasije wakanichafulia picha." Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Marehemu aliwatazama wale watoto, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja amejaa vizuri, wangu wa wastani tu kama mama yake. "Saizi moja ya nani, mama?" akauliza. "Ya huyu," akajibiwa, na kidole kikagonga kioo cha simu. "Mbona huyu hajaja nimpime?"

Mama wa bibi harusi akacheka kicheko cha mwenye haraka. "Wewe shona tu, fundi. Watajipunguza, muda upo." Marehemu akavua miwani. "Mama, mimi nimefundishwa kukata kitambaa," akasema. "Kukata watoto sijafundishwa." Hata hivyo aliwapima, mmoja mmoja, ndani, pazia limeshushwa, akaandika bila kusoma. Lakini mama wa bibi harusi alikuwa ameitaja namba ya kiuno cha kwenye picha mara tatu pale barazani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wachimbaji, na watoto wote wanane walikuwa wameisikia. Namba yenyewe siiandiki hapa.

Jumatano ya Majivu binti yangu aliacha nyama. Nikafurahi. Sisi ni Wakatoliki wa Ushirombo, na mtoto wa siku hizi anayeikumbuka Kwaresma bila kukumbushwa ni wa kushukuriwa. Juma la pili akaacha chai ya asubuhi. Juma la tatu akaacha chakula cha mchana. Alipoacha na ugali wa jioni, akaniambia, "Nimejinyima, baba, nina nia yangu," nilikaribia kutoa machozi ya furaha. Nilimtaja kwenye jumuiya. Katekista akamsimamisha mbele ya wenzake awe mfano. Dada yangu alipiga simu kutoka Kahama kusema tuna mtakatifu ndani ya nyumba. Mtoto alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu, na sisi tulimwona anang'aa. Jioni alitupikia chakula cha nyumba nzima, akakipakua kwa mkono wake, akatutazama tukila mpaka mwisho bila kutia kitu mdomoni, nami nikamwambia mama yake kwamba hapo ndipo malezi yanapoonekana. Mimi ni mtu niliyesoma, na kazi yangu ni kuyaona mambo na kuwaandikia nyinyi.

Aliyeona ni fundi. Katika majuma yale alimwita binti yangu mara tatu kumpima upya, akitoa visingizio, mara bitana imepungua, mara zipu ya rangi ile haikupatikana. Wasichana wengine aliwapima ile mara moja tu. Baada ya mara ya mwisho akaniita nipite kwake baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuta cherehani imefunikwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana. Alinipa kigoda. "Baba," akasema, "mtoto anakwisha." Nikatabasamu lile tabasamu letu sisi wasomi, nikamweleza pole pole mambo ya Kwaresma, siku arobaini, sadaka, nia, kana kwamba hakuishi na Wakatoliki maisha yake yote na hakuwashonea kwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Funga naijua," akasema. "Nafunga tangu nina miaka saba. Mtu aliyefunga, baba, kuanzia alasiri anawaza futari. Anajua leo ni muhogo au ni tambi. Anaisubiri adhana kuliko muadhini mwenyewe. Mwanao nimemuuliza, Pasaka utakula nini? Hana jibu. Amenitazama kama nimemtukana. Funga yake haina futari. Na funga isiyo na futari kwenye dini yangu sijaisikia, na kwenye ya kwako nimewauliza wanakwaya, nako haipo." Nikaudhika. Mtu ambaye hata ubatizo hana ananifundisha mimi Kwaresma. Nikasimama, nikatoa neno ambalo leo ningetamani kulimeza: "Mama, wewe shona." Ni neno lilelile la mama wa bibi harusi, ila mimi nililitamka kwa upole wa gazetini.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, lakini swali lake lilikuwa limeshaingia. Siku ya Pasaka mke wangu alipika pilau ya kuku. Nikamwambia binti yangu, "Haya, Bwana amefufuka, kula mwanangu." Akasema atakula baadaye. Nikasema hapana, kula sasa. Akachukua kijiko. Aliuzungusha wali sahani nzima, akautenga huku, akautenga kule, nyama akaifunika kwa kachumbari, nami kwa mara ya kwanza tangu Kwaresma ianze nikamtazama badala ya kujivunia. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Siwezi, baba," akasema. Hakusema hataki. Kwenye mkono ulioshika kijiko, ile bangili aliyopewa na bibi yake siku ya komunyo ya kwanza ilikuwa imepanda mpaka karibu na kiwiko. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Alipoinuka kwenda uani, alianguka mlangoni.

Hapo ndipo vipimo vilipoanza. Hospitali ya kwanza wakapima malaria, hamna. Taifodi, hamna. Minyoo, hamna. Mimba, hamna, na muuguzi aliyeleta jibu hilo alionekana kama aliyenyimwa kitu. Wakapima sukari, wakapima kifua kikuu, wakapima na kile kipimo kingine ambacho huku kwetu mtu akionekana mwembamba majirani wamekwisha kumpimia barazani kabla hajafika maabara. Vyote safi. "Mtoto hana ugonjwa," wakatuambia, na jirani yetu mmoja, aliyepata majibu hayo kabla yetu, akaanza kutusifia mganga wa upande wa Mhunze. Tukaenda hospitali ya pili, mbali zaidi. Huko tulimpata daktari mwanamke aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, kwamba hali hii imeanza lini, na amekuwa akipungua kwa kasi gani. Tukatazamana. Sisi tulioishi naye nyumba moja, tukila naye meza moja, au tukidhani tunakula naye, hatukujua. Mke wangu akasema, "Fundi anajua."

Nilimpigia simu nikiwa na aibu isiyopimika. Hakunikumbusha neno langu. Kesho yake alipanda basi la kwanza, na mwili wake ule, na magoti yake mabaya, akashuka na daftari amelifunga kwenye kanga. Mbele ya daktari alilifungua kwenye ukurasa wenye kitambaa cha rangi ya zabibu. Kulikuwa na mistari minne, kila mmoja na tarehe yake. Daktari akamwomba amsomee. "Sisomi kwa sauti," fundi akasema. "Mwenyewe yuko hapa, anasikia. Chukua uangalie." Daktari aliangalia, akalifunga daftari. Akamgeukia binti yangu, hakutugeukia sisi, akamwambia kwamba huo ni ugonjwa, una jina lake, unatibika, na si dhambi wala si utakatifu. Mtoto akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Nami nililia, sioni haja ya kuficha.

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoichukia. Siku za mbele daktari alimuuliza binti yangu alianzia wapi kuona kwamba mwili wake una kasoro. Nilikaa vizuri kitini nikisubiri simu itajwe, au redio, au mama wa bibi harusi; kichwani nilikuwa nimeshaanza kuitunga makala ya kuwaka moto. Akasema, "Gazetini." Kumbe mwaka uliotangulia niliandika hapahapa, kwenye safu hii, mzaha kuhusu wasichana wetu na chipsi mayai, nikamweleza "msichana mmoja wa nyumbani kwangu" ambaye gauni la Krismasi lilimgomea mgongoni. Mlicheka sana. Wengi mliniandikia kunipongeza. Shuleni kwake mtu aliikata safu akaibandika ukutani darasani, na wenzake wote walikuwa wameliona hilo gauni. Sikutaja jina, na kwa kutotaja jina nilijihesabu muungwana. Nilikwenda kwa fundi kuungama kana kwamba ndiye paroko wangu. "Ile?" akasema. "Ile niliisoma. Hiyo sikuikatia nguo ya mtu, baba. Niliifutia mafuta ya cherehani." Sijapata uhakiki mkali kuliko huo katika kazi hii, na ulikuwa wa haki. Hii mnayoisoma leo amepewa yeye kwanza, binti yangu, kabla ya mhariri. Amefuta mistari miwili, nami sikubishana.

Harusi ilifika binti yangu akiwa bado hospitali. Magauni yalitoka kwa fundi, kila moja limemkaa mwenyewe, na mama wa bibi harusi alifoka mpaka sauti ikamwisha. Picha zilipokuja baadaye, wasichana wote saba walikuwa na kiuno kimoja, kilekile cha kando ya bwawa. Mpiga picha alikuwa amewapunguza kwa kompyuta, akiwa amekaa, pengine anakula. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwanangu aliifanya kwa mwili wake kazi ambayo mashine iliimaliza kwa alasiri moja, na nusura imuue. Gauni la nane fundi alilishona vilevile, kwa kipimo cha kwanza, kile cha kabla ya Kwaresma, akalitundika nyumbani kwetu bila maelezo. Binti yangu alilivaa mwaka uliofuata, na ilibidi kwanza vile vidole vitatu vya ndani vifunguliwe. Marehemu alivifungua huku anaimba. Sisemi kwamba amepona kabisa, kwa sababu mwenyewe hasemi hivyo. Anasema zipo siku sahani inamshinda, na siku hizo tunakaa naye tu.

Juzi, siku ya tatu ya msiba, kisomo kilipokwisha yakaletwa masinia ya wali. Kwenye jamvi letu sisi wanaume yupo aliyesema unene ndio uliomwondoa marehemu, mwenyewe akiwa amekipakata kitambi chake kama mjukuu. Homa ya mapafu, ambayo ndiyo iliyomuua kwa siku tano, haikupata wa kuizungumzia. Nilikuwa nataka kumjibu nilipomwona binti yangu upande wa pili wa ua, ameketi na kina mama wanne kwenye sinia moja. Kwenye sinia hakuna anayejua nani amekula kiasi gani, na nadhani ndiyo maana alikaa pale kwa raha. Alikuwa anakata tonge kama wenzake. Nikawa namtazama bila kumtazama, ujuzi nilioupata uzeeni.

Mara akaingia mama mmoja wa Ushirombo ambaye hakuwa amemwona mwanangu tangu ile miezi ya hospitali. Alipomtambua akapiga makofi. "Mayu wee! Ndiyo wewe huyu? Jamani umenenepa! Sasa umekuwa mtu!" Aliyasema kwa upendo wote alionao. Huku kwetu hiyo ni sifa. Kunenepa maana yake una amani, una watu wanaokulisha. Sinia zima likageuka kumtazama mwanangu, kuanzia shingoni kwenda chini. Miaka miwili ya kazi yetu, ya daktari, ya mama yake, ya yule tuliyemzika, niliiona imekaa juu ya lile sinia inasubiri. Nilitaka niinuke, niseme kitu. Binti yangu alishusha mkono, akapangusa vidole, akainua uso akamtazama yule mama machoni. "Shikamoo, mama," akasema.

Mama wa watu akashtuka, maana kweli alikuwa ameanza na mwili wa mtoto kabla ya mtoto mwenyewe. "Marahaba. Marahaba, mwanangu," akasema, sauti imeshuka. "Hujambo? Habari za masomo?" Binti yangu akamwambia ni nzuri, amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, karibu tule. Akajisogeza ampe nafasi, na mkono wake ukarudi kwenye wali.

Miaka yote nimeandika nikidhani ninawafundisha watu, na mtoto wangu amenifundisha kwa neno ambalo nilimfunza mwenyewe akiwa hajajua kutembea vizuri. Salamu yetu ina utaratibu wake. Unaanza na heshima, unaitikiwa, unauliza habari, unajibiwa. Nimeipitia yote tangu juzi, mwanzo hadi mwisho, na mwili wa mtu haumo. Redio siwezi kuizima, na hizi simu siwezi kuzirudisha kwa waliozitengeneza. Lakini nikikutana na mtoto wako njiani naweza kumwitikia, nikamuuliza anasoma nini, nikaishia hapo. Nakuomba na wewe, ukikutana na wangu, uishie hapohapo.